Dakika Nzima

Sista Mhando ndiye aliyenifunza kuhesabu pumzi
mwaka wangu wa kwanza, kituoni Makorora:
mpandishe mtoto fulana, asinyonye, asilie,
saa iweke karibu na kifua chake,
jicho liende kwenye mshale, lirudi mbavuni,
uhesabu dakika nzima.
Si nusu dakika ukazidisha kwa mbili.
"Mtoto hapumui kwa kuzidisha," alisema,
akanigonga kidole kwa kalamu
maana nilikuwa nimekwisha andika.

Kazini nikaishika amri ile.
Nyumbani nikawa mtu wa nusu, mara mbili.

Jumanne jioni, barabara ya kumi na nne,
nakuna nazi, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya mafuta,
wauguzi wenzangu wanagombea zamu za sikukuu,
na Hizza, miaka sita, kakalia ndoo iliyopinduliwa,
ananipa habari za mbuzi wa kina Semkiwa.
Mbuzi kala daftari la mwalimu wa chuoni.
"Ehee," nasema.
Mbuzi kakimbizwa mpaka mtaroni.
"Ehee, kisha?"
Mbuzi kapanda baiskeli, kaenda Muheza.
"Vizuri, mwanangu."

Kimya.

Mbuzi niliyemsikia mimi
ni huyu wa mbao niliyemkalia,
na huyu naye nyama ya nazi ilikwisha zamani,
ulimi wake wa chuma ulikuwa unakwaruza kifuu.
Hizza alinitazama
kama mtu aliyetumwa sukari akakuta duka limefungwa.
Akashuka kwenye ndoo,
akaenda kummalizia paka habari yake.

Asubuhi yake, mama mmoja wa Mabokweni,
kanga imelowa begani,
mtoto wa miezi saba, macho mazito.
Nikapandisha fulana. Nikaanza.
Thelathini na moja, thelathini na mbili,
na hapo hapo mbuzi akakatiza na baiskeli.

Ndipo nilipomsikia! Kazini,
maneno niliyoambiwa nyumbani.
Nikacheka peke yangu, na niliporudi
mshale ulikuwa umeshapita,
na pumzi ngapi zimepita nao, sijui.
Kalamu ikataka arobaini.
Arobaini ni namba ya heshima,
haimwamshi daktari, haimtoi mtu kwenye foleni.

"Samahani mama, naanza upya."
"Kuna nini, nesi?"
"Hakuna. Nilitoka kidogo."
"Umetoka? Si umekaa hapo hapo?"

Nikaanza upya.
Safari hii sikuwa na mume wala zamu wala ada ya shule,
nilikuwa na ngozi iliyobonyea chini ya mbavu
ikiinuka, ikizama, ikiinuka,
na jasho dogo kama chembe ya chumvi juu ya kitovu.
Dakika ni ndefu, jamani.
Mtu anaweza kuishi humo.
Hamsini na nane.
Nikaandika barua ya Bombo, nikaita bajaji mwenyewe,
nikasimama mlangoni mpaka ikapinda kona.

Jioni simu niliifungia kabatini,
ikawa inatetemea kwenye sahani kama mende.
Nikabandika wali. Nikavuta kigoda.
"Hizza. Yule mbuzi alipofika Muheza, alinunua nini?"

Hakujibu upesi. Alinipima.
Jicho kwangu, jicho kabatini, jicho kwangu tena,
na sikumharakisha.

"Machungwa," akasema.
"Gunia zima. Lakini baiskeli haina breki."
"Haina breki! Na mteremko je?"
"Ndiyo nakwambia sasa, mama. Tulia."

Nikatulia.
Wali ukaanza kushika ukoko, harufu nikaisikia,
na yeye akaisikia, akanitazama kama nitainuka.
Sikuinuka.
Mbuzi alikuwa bado yuko Pongwe.